Harufu haina mshale

Swali: Shikamoo daktari. Mimi nauza juisi ya embe na nanasi karibu na stendi hapa Tanga. Nikikata embe lililoiva sana, hata robo saa haijapita vijinzi vile vidogo vya macho mekundu vimeshafika. Nimevichunguza: haviji moja kwa moja. Vinayumba huku na huku kama vimelewa, halafu ghafla vinanyoosha mpaka kwenye bakuli. Kichwa chao chenyewe hakifiki punje ya ulezi. Je, vina ubongo? Na kama vinao, ubongo mdogo hivyo unajuaje harufu inatoka wapi? Mdogo wangu aliye kidato cha pili anasema vinafuata tu pale harufu inapozidi kukolea. Ni kweli? Na zaidi ya yote, nifanyeje viniachie biashara yangu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha kwa sababu umetazama kwanza ndipo ukauliza. Wengi huvikuta vijinzi vikiwa vimeshatumbukia kwenye glasi. Wewe umeiona njia vinayopita, na karibu jibu zima limo katika kule kuyumba kwao.

Ubongo vinao. Kijinzi chako, ambacho kitaalamu huitwa Drosophila melanogaster, kina urefu wa milimita mbili na nusu au tatu hivi, na ubongo wake ni kama punje moja ya chumvi. Oktoba 2024 kundi kubwa la watafiti lililoongozwa na Mala Murthy na Sebastian Seung wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, lilitoa ramani kamili ya ubongo wa jike mmoja aliyekomaa. Walihesabu seli za neva 139,255, na maungio kati ya seli hizo zaidi ya milioni 50. Mimi na wewe tuna seli za neva kama bilioni 86 kila mmoja, na bado hutuoni tukilifikia embe kwa pua.

Tafadhali usikichanganye na nzi wa maembe anayewaliza wakulima, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akiwa ametokea Asia. Yule hutoboa embe likiwa bado mtini na kutaga mayai ndani. Hiki chako hakina haja na embe zima lililo gumu, kinataka lililoanza kuchacha. Tena chako ni mwenyeji. Kabla hakijasambaa duniani kote kwa kufuata mapipa ya pombe na vikapu vya matunda, asili yake ilikuwa kusini mwa Afrika, na mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyokikuta katika pori la Matobo, Zimbabwe, kikiishi kwa matunda ya mng'ongo yaliyoanguka.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Kuhusu kijinzi kinachoruka, amekosea. Lakini asivunjike moyo, maana yupo mdudu ambaye maelezo yake yanamfaa kabisa, na mdudu huyo yumo ndani ya embe lilelile. Nitamfikia.

Jioni ukifukiza udi, weka chetezo karibu na mlango ulio wazi, kisha utazame moshi kwa ubavuni. Juu ya kaa kuna uzi mmoja ulionyooka. Shibiri moja juu yake uzi unaanza kujikunja. Ukifika usawa wa mlango si uzi tena, ni vipande vipande: nyuzi, vifundo, vijiwingu, na katikati yake hewa tupu. Harufu ya embe lako inasafiri hivyohivyo, ila huioni.

Jiweke basi mahali pa kijinzi kilicho hatua tano kutoka kwenye bakuli. Kinapigwa na kipande cha harufu kali, kisha hakuna kitu, kisha kipande hafifu, kisha hakuna tena. Kile kipande kikali kinaweza kuwa kikali sawasawa na vile vilivyo hatua mbili tu kutoka kwenye bakuli, kwa sababu upepo umeirarua harufu lakini bado haujaichanganya na hewa. Kuuliza "je, imezidi kukolea?" katika hewa ya namna hiyo ni kama kuuliza bei ya samaki katikati ya mnada: hujamaliza kusikia moja, imeshatajwa nyingine. Kijinzi kikifuata njia ya mdogo wako kitazunguka hapohapo mpaka jua lizame.

Harufu inaweza kukiambia kwamba embe lipo. Haikiambii liko upande gani. Chenye mshale ni upepo.

Wavuvi wenu wanayo maneno mawili yatakayonirahisishia kazi: joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda. Harufu iliyokifikia kijinzi imeletwa na upepo, kwa hiyo kilichoitoa kiko joshini. Kijinzi kinaishi kwa kanuni fupi mno: harufu ikikugusa, geukia joshini uende, ikikupotea, acha kwenda mbele, ukate upepo kulia na kushoto mpaka ikuguse tena. Kule kuyumba ulikokuona ni kijinzi kilichopotewa na uzi wa harufu kinautafuta. Kule kunyoosha ghafla ni pale kilipoupata.

Mwaka 2014 Floris van Breugel na Michael Dickinson, huko Marekani, waliipima kanuni hii kwa kamera zilizofuata vijinzi vikiruka ndani ya handaki la upepo. Tangu kijinzi kiingie kwenye harufu mpaka kianze kukimbilia joshini ilipita takriban moja ya tano ya sekunde. Tangu kitoke mpaka kianze kuyumba, karibu nusu sekunde. Tofauti hiyo ina maana yake. Kijinzi ni chepesi wa kuamini, kizito wa kukata tamaa, na katika hewa iliyoraruka ndivyo inavyotakiwa. Nafasi tupu kati ya kipande na kipande mara nyingi ni fupi. Kingekuwa kinaanza kutafuta upya kila harufu inapokatika kidogo, kisingefika kamwe.

Ukimsimulia mvuvi haya atakwambia kijinzi kinapiga bisha kama ngalawa. Kwa macho inafanana, lakini sababu ni tofauti. Ngalawa hubisha kwa kuwa tanga haliwezi kuipeleka moja kwa moja joshini. Kijinzi kinaweza, na kikiwa na harufu kinakwenda hivyo hasa. Kinakata upepo kwa kuwa kimepotewa, na njia ya kukata upepo ndiyo inayokipa nafasi kubwa ya kugongana tena na uzi mwembamba wa harufu.

Hapo kuna fumbo lililowahi kuwasumbua wataalamu, na ukilifikiria utaliona mwenyewe: mdudu anayeruka hausikii upepo. Ukiwa ndani ya mtumbwi uliobebwa na mkondo, maji yaliyokuzunguka huyaoni yakienda. Utajua unabebwa pale utakapotazama mikoko ikirudi nyuma. Mdudu hewani yuko vivyo hivyo. Kuelekea mwaka 1940 Mwingereza John Kennedy aliwarusha mbu juu ya sakafu yenye michoro iliyoweza kusogezwa. Alipoisogeza, mbu walirekebisha mwendo wao kuifuata. Wanajua upepo unavyowasukuma kwa kuitazama ardhi inavyopita chini yao. Kijinzi chako kinafanya hivyo kikiwa angani. Kikitua mezani na kutembea, hapo upepo kinaupata kwa vipapasio: unavisukuma, na kwenye shina la kila kipapasio kuna seli zinazopima msukumo huo, wa kulia ukilinganishwa na wa kushoto.

Kwa hiyo pua peke yake haitoshi. Pua inatoa ruhusa, macho na vipapasio vinatoa upande. Kazi ya ubongo ni kuviunganisha hivyo viwili, na umeuliza unafanyaje, basi tuingie ndani.

Vipapasio hivyohivyo ndivyo pua ya kijinzi: kila kimoja kina zaidi ya seli elfu moja za kunusa. Seli moja kwa kawaida hubeba aina moja tu ya kipokezi, na kipokezi hicho huitikia baadhi ya kemikali na kuzipuuza nyingine. Vipokezi vyenyewe vya kijinzi vilitambuliwa mwaka 1999. Seli zote zenye kipokezi cha aina moja, popote zilipo kwenye kipapasio, hupeleka nyuzi zao kwenye kifundo kimoja kilichoko mbele ya ubongo. Vifundo viko kama 50 kila upande. Harufu ya embe ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, lakini ikishafika pale inakuwa mpangilio tu wa vifundo vilivyowaka na visivyowaka, kama madirisha ya ghorofa usiku.

Kukusanya seli nyingi mahali pamoja kuna faida. Seli moja ya kunusa hupiga ovyo hata pasipo na harufu. Lakini makumi ya seli za aina moja zikiongea na seli chache za kupokea kwenye kifundo, ovyo la hii na ovyo la ile vinafutana, na kinachobaki ni kile zilichokubaliana. Vifundo navyo hunyamazishana. Ukali ukizidi vingewaka vyote na hakuna ambacho kingesomeka, kwa hiyo ziko seli za katikati ambazo kadiri kelele inavyopanda ndivyo zinavyopunguza sauti ya kila kifundo.

Kisha kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Zile seli za kupokea hupiga kwa nguvu harufu inapoanza, halafu hutulia hata kama harufu bado ipo. Zinatangaza mabadiliko zaidi ya hali. Rudi kwenye kanuni ya kijinzi uone kinachohitajiwa: harufu imeanza, au harufu imekwisha. Ubongo umeshaandaa jibu katika kituo cha kwanza tu, kabla hata ya kujua harufu ni ya nini. Watu wakisikia habari hizi hustaajabia wingi wa seli 139,255 ndani ya punje ya chumvi. Mimi hustaajabia zaidi yale ambayo ubongo huo umeamua kutoyashughulikia. Hauchori ramani ya chumba, haukadirii embe liko umbali gani.

Kutoka kwenye vifundo njia zinagawanyika mbili. Ya kwanza inakwenda upande wa nje wa ubongo, mahali pa mambo ya kuzaliwa nayo, yasiyofundishwa. Mfano wake utakufaa kibiashara. Mwaka 2009 Julia Semmelhack na Jing Wang walichunguza kwa nini vijinzi hupenda siki. Siki hafifu huwasha vifundo kadhaa, lakini viwili tu kati ya hivyo ndivyo vinavyovuta. Siki ikiwa kali, kinaongezeka kifundo kingine kimoja, na hicho kimoja kinatosha kuuharibu mvuto. Kijinzi hakihitaji somo la kemia kujua kwamba siki kali mno si chakula, ni kifundo kimoja tu kinachowaka.

Mfano mwingine ni ile harufu ya udongo mvua zinapoanza, ambayo sisi tunaipenda mpaka washairi wanaiimba. Inatoka kwenye kemikali inayoitwa jeosmini, na viumbe wanaoitengeneza ni pamoja na ukungu na bakteria ambao ni sumu kwa kijinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kijinzi kina njia moja maalumu ya jeosmini, kipokezi kimoja na kifundo kimoja, isiyojibu harufu nyingine. Njia hiyo ikiamka, hata siki haikivuti tena na majike huacha kutaga mayai.

Njia ya pili inakwenda kwenye sehemu mbili zenye umbo kama la uyoga, kulia na kushoto. Huko ni shuleni. Kila upande una seli kama 2,000, na kila seli inapokea nyuzi kutoka vifundo saba hivi vilivyookotwa karibu kwa bahati nasibu. Bahati nasibu hiyo si uzembe. Vifundo 50 peke yake vingefanya harufu nyingi zifanane, lakini ukivichanganya sabasaba katika seli elfu mbili, kila harufu inapata kikundi chake cha seli, chini ya moja katika kumi, ambacho ni vigumu kukichanganya na cha harufu nyingine. Kuna seli moja kubwa kila upande ambayo kazi yake ni kunyamazisha nyingine ili kikundi kibaki kidogo. Kijinzi kikila sukari huku kikinusa harufu fulani, kemikali ya ubongo iitwayo dopamini inamwagwa mahali pale, na maungio ya kikundi kile yanabadilishwa. Kesho harufu ileile itakivuta zaidi. Kikipigwa shoti, itakifukuza.

Njaa nayo ina sauti. Kijinzi kilichoshinda njaa hakisubiri ubongo uamue, kwani seli za kunusa zenyewe, zile zinazohusika na harufu ya chakula, hupeleka ujumbe wenye nguvu zaidi kwenye kifundo chao. Nadhani hili halihitaji ushahidi kwa mtu aliyewahi kupita mbele ya jiko la mishkaki saa moja jioni siku ya Ramadhani.

Mwisho wa safari ni kitovu cha ubongo, mahali mwelekeo unapotunzwa. Maabara ya Katherine Nagel huko New York ilieleza mwaka 2022 kwamba katika tabaka moja la sehemu hiyo, lenye umbo la kipepeo cha kupepea moto, zimo seli zinazopokea habari za upepo na habari za harufu kwa pamoja. Hapo ndipo ile ruhusa na ule upande vinapokutana. Kutoka huko amri hushuka kwa mbawa na miguu kupitia shingo, na nyuzi zinazoshuka kutoka ubongo mzima ni takriban 1,300 tu. Yote niliyokusimulia yanapita kwenye tundu hilo dogo, na yakifika upande wa pili yanakuwa mambo mepesi: pinda kulia, pinda kushoto, ongeza mwendo, simama.

Anayeonyesha vizuri zaidi amri ya kupinda inavyotunzwa ni nondo wa hariri. Dume lake halijui tena kuruka, linatembea huku likipiga mbawa. Jike hutoa kemikali inayoitwa bombikoli, na Mjerumani Adolf Butenandt alipoitambua mwaka 1959 ilimbidi atumie majike yapatayo 500,000 ili apate miligramu chache. Dume likiguswa na bombikoli mara moja tu, likaondolewa harufu, linakwenda mbele kidogo, kisha linapinda huku, linapinda kule, kila pindo refu kuliko la kwanza, mwisho linazunguka mduara mzima. Likiguswa tena, linaanza upya. Ndani ya ubongo wake kuna seli zinazofanya kazi kama swichi ya taa: harufu ikigusa zinawaka na kubaki zimewaka, ikigusa tena zinazima na kubaki zimezima. Kulia na kushoto zinapokezana. Swichi mbili kinyume kwa kinyume zinalipa dume kumbukumbu ya kule lilikokuwa likipinda, na kumbukumbu hiyo haihitaji zaidi ya hapo. Wajapani waliwahi kuliweka dume la nondo juu ya mpira kwenye kigari chenye magurudumu, likawa linatembeza mpira na mpira unaendesha kigari. Lilikifikisha kwenye harufu. Hata walipokivuruga kigari makusudi kiwe kinavutia upande mmoja, dume lilirekebisha usukani.

Nimeahidi kumrudia mdogo wako. Funua embe lililooza siku nne, utakuta mabuu ya vijinzi hivihivi. Ndani ya nyama ya embe hakuna upepo. Harufu huko inasambaa polepole na kweli inakolea kadiri unavyokaribia mahali pazuri. Buu linatambaa mbele. Harufu ikizidi, linaendelea. Ikipungua, linasimama, linatupa kichwa kulia, linatupa kushoto, linachagua upande uliokolea zaidi, linaondoka. Ni maelezo ya mdogo wako neno kwa neno. Na linafanya hivyo likiwa na seli za kunusa 21 tu kila upande wa kichwa. Watafiti walipoliachia seli za upande mmoja tu zikifanya kazi, bado lilifika, maana halilinganishi pua ya kulia na ya kushoto. Linalinganisha sasa na nukta iliyopita. Ramani ya ubongo wa buu ilitangulia ya mkubwa: ilitolewa Machi 2023, seli 3,016 na maungio 548,000. Mwambie basi kwamba amelijibu swali la mtoto, akaliweka kwa mzazi.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii haikuanzia kwenye vijinzi vya jikoni. Ilianzia kwenye mbung'o, na ndiko mimi nilikozeekea, nikihesabu mitego. Mbung'o humtafuta ng'ombe kwa kufuata pumzi na mkojo wake joshini, na anapokaribia hukabidhi kazi kwa macho. Ndiyo sababu mtego wa mbung'o ni nguo ya buluu na nyeusi, na pembeni yake kuna chupa ya asetoni na nyingine ya mkojo wa ng'ombe. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, Robert Brightwell na Robert Dransfield walitengeneza na Wamasai mitego ya namna hiyo katika miaka ya 1980, ya bei ambayo mfugaji anaweza kuimudu. Baadaye ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kikageuza shilingi upande wa pili. Mbung'o ni nadra kumng'ata kuro ingawa wanaishi naye pori moja, kwa sababu harufu yake inawachukiza. Wakaichambua harufu ya kuro, wakaiweka kwenye kichupa, wakamvisha ng'ombe shingoni, na majaribio yakafanyika Kwale, jirani zenu wa ng'ambo ya mpaka. Ng'ombe akatembea akinuka kama kuro, na magonjwa ya ndorobo yakapungua sana.

Mwenzake mbu nisimzungumzie sana leo, ila kwa kukuchekesha: mwaka 2006 Bart Knols na mwenzake walipewa tuzo ya utani iitwayo Ig Nobel kwa kuonyesha kwamba mbu wa malaria, Anopheles gambiae, anavutwa na jibini fulani linalonuka sawasawa na anavyovutwa na miguu ya binadamu.

Haya, juisi yako. Kinachowaita vijinzi ni hamira iliyoanza kula sukari ya embe kuliko embe lenyewe, pamoja na pombe na siki zinazotokana nayo. Kwa hiyo ganda, kokwa na kitambaa ulichofutia meza ni wabaya kuliko bakuli la juisi mbichi. Vifunge kwenye mfuko, usiviweke chini ya meza. Ubao wa kukatia usuuze kila baada ya matunda kadhaa, si jioni tu.

Feni inasaidia, lakini kwa sharti. Kaupepo kapole kanakopita juu ya bakuli ndiko kabaya kuliko vyote: kanabeba harufu na kuwapa vijinzi mshale ulionyooka. Ukiwasha feni, iwe na nguvu na iwe karibu. Itazirarua nyuzi za harufu, na juu ya meza upepo utavizidi nguvu vijinzi.

Kisha tega. Chukua kopo, weka siki uliyoizimua kwa maji, kwa sababu ile ya chupa ikiwa kali itakiamsha kile kifundo cha kukataa. Ongeza tone la sabuni ya maji ili vikitua vizame, na mdomoni weka karatasi iliyokunjwa kama ya karanga, tundu likiwa chini. Wengi huliweka kopo kando ya bakuli. Wewe usifanye hivyo. Vijinzi vinakuja kwa kupanda upepo, kwa hiyo vinakufikia kutoka demani, na mtego unatakiwa kusimama huko, hatua mbili tatu kutoka mezani, ili vikutane nao kabla ya juisi. Asubuhi Tanga upepo hutoka bara, basi kopo likae upande wa bahari. Upepo wa bahari ukishaingia mchana, lihamishie upande wa pili wa meza.